Soma taa kabla ya kufungua giaboksi

Leo siandiki kuhusu simu wala tovuti. Naandika kuhusu kompyuta ambayo wengi wetu tumeikalia bila kuifikiria: ile inayoendesha giaboksi ya otomatiki katika van za Toyota za miaka ya 1990. Namaanisha hasa TownAce Noah, zile zilizotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2001. Kanuni ya Kenya ya kutoingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane ilizileta hapa kwa wingi katika miaka ya 2000, na zilizobaki bado zinapanda na kushuka kati ya Embu na Meru zikiwa na maziwa, ndizi, muguka, miraa na watu wa kwenda matanga.

Hoja yangu ni fupi. Giaboksi nyingi za otomatiki zinahukumiwa kifo bila kusikilizwa. Gari likianza kubadili gia vibaya, fundi analiendesha mita hamsini, anatikisa kichwa na kusema, "Hii giaboksi imekufa, tafuta nyingine." Mwenye gari anapanda matatu hadi Kirinyaga Road, Nairobi, ananunua giaboksi ya mtumba kutoka Japani kwa dhamana ya mdomo, inafungwa, na gari linafanya vilevile kama jana. Kwetu sisi tunaoandika programu, hili linafanana na yule fundi wa kompyuta anayefuta Windows yote kwa sababu printa haichapishi. Labda atabahatika. Lakini hakuchunguza kitu.

Ninavyoona mimi, van hizi za zamani ni rahisi kuchunguza kuliko magari mengi ya leo, na vifaa vinavyohitajika ni kipande cha waya, mita ya umeme ya mkono na saa ya simu. Tatizo letu si ukosefu wa mashine ghali. Tumezoea tu kufungua kabla ya kuuliza.

Kwanza tuelewe ndani kuna nini. Giaboksi ya otomatiki ya aina hii ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya chuma na mafuta: pampu, vali, klachi na mikanda. Mafuta yakisukumwa upande huu klachi hii inashika, yakisukumwa upande ule nyingine inashika, na hivyo ndivyo gia inavyobadilika. Nusu ya pili ni umeme. Kompyuta inasoma mwendo wa gari, inasoma umekanyaga mafuta kiasi gani, inasoma joto la injini, kisha inaamua. Uamuzi wake unapita kwenye solenoidi, yaani vijikoili vya umeme vinavyofungua na kufunga njia za mafuta.

Hapa waandishi wa programu mtafurahi. Solenoidi za kubadili gia ni mbili tu. Kila moja ama ina umeme ama haina. Mbili zikiwa na hali mbili kila moja, unapata hali nne, na gia ni nne. Katika giaboksi nyingi za Toyota za gia nne za wakati huo mpangilio ni huu, 1 ikiwa na maana kuna umeme na 0 hakuna:

Gia ya kwanza: 1 0
Gia ya pili: 1 1
Gia ya tatu: 0 1
Gia ya nne: 0 0

Tazama vizuri. Kutoka gia moja kwenda inayofuata, ni solenoidi moja tu inayobadilika. Hazibadiliki zote mbili kwa pamoja hata mara moja, kwa hiyo hakuna dakika ya mkanganyiko ambapo moja imewahi na nyingine imechelewa. Aliyepanga hivyo alifikiri kama sisi.

Sasa tazama mstari wa mwisho. Gia ya nne ni sifuri na sifuri. Maana yake, waya wa solenoidi ukikatika kabisa na umeme usifike, ukiweka D gari litaondoka kwa gia ya nne. Litaondoka kwa uzito mno, kama limebeba mawe ya ujenzi, na mlimani litagoma. Dereva atasema halina nguvu. Fundi atasema klachi zimeisha. Kumbe ndani ya giaboksi hakuna kilichoharibika, ila inatii amri ya 0 0. Ukitaka kujua, weka rungu la gia kwenye L. Hapo mafuta yanapita njia nyingine inayoamuliwa na rungu lenyewe, bila umeme, na utapata gia ya kwanza halisi. Gari lililogoma kwa D linaruka mbele kwa L. Giaboksi iliyokufa haifanyi hivyo.

Kwa hiyo kabla ya mtu yeyote kugusa spana, mimi nataka majibu ya maswali matano, kwa mpangilio huu.

1. Mafuta yakoje? Pima injini ikiwa imepata joto la kazi na ikiunguruma, gari likiwa mahali tambarare, baada ya kupitisha rungu kwenye kila nafasi na kulirudisha P. Ukipima injini ikiwa imezimwa utasoma uongo. Futa kijiti kwa kitambaa cheupe. Mafuta mekundu yanayong'aa ni habari njema. Meusi yenye harufu ya kuungua ni habari mbaya, maana ni klachi zilizosagika. Yenye rangi ya chai ya maziwa yameingia maji. Na soma kijiti au kitabu cha gari kimeandika mafuta gani. Toyota za zamani nyingi zinataka aina ya Dexron, za baadaye zinataka nyingine, na kumimina chochote chekundu kilichopo dukani si matengenezo.

2. Kompyuta inasema nini? Ikigundua solenoidi ya gia haina mawasiliano, taa ya O/D OFF kwenye dashibodi huanza kumetameta yenyewe. Wengi hudhani balbu ina kasoro na kuizoea. Tafuta kijisanduku chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko kuna ramani ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, hakikisha kitufe cha ovadraivu kimeruhusu ovadraivu, fungua swichi bila kuwasha injini, na uhesabu. Taa ikimetameta haraka bila kupumzika, kompyuta haijaona kosa. Ikimetameta mara sita, ikapumzika, kisha mara mbili, hiyo ni 62, solenoidi ya kwanza. 63 ni solenoidi ya pili. 64 ni ile ya kufunga konvata. 42 na 61 ni sensa za mwendo. Kama gari lako lina soketi ya matundu 16 peke yake, matundu yanayotumika ni la 4 na la 13. Usikosee ukaligusa la 16, lina umeme wa betri moja kwa moja.

3. Kompyuta inadanganywa na nani? Hili ndilo swali linalosahauliwa kabisa. Uamuzi mbovu unaweza kutoka kwa kompyuta nzima iliyopewa habari mbovu. Tazama kebo nyembamba inayotoka kwenye throto kwenda kwenye giaboksi. Mafuta yakikanyagwa hadi mwisho, alama ya kebo inatakiwa iwe kati ya milimita 0 na 1 kutoka kwenye mfuko wake wa mpira. Kebo hiyo ndiyo inayopanga shinikizo la mafuta, hivyo ikilegea au ikikazwa kupita kiasi gia zitateleza au zitagonga, na hakuna namba ya hitilafu itakayojitokeza. Halafu kuna thamostati. Mafundi wetu wengi huitoa na kuitupa ili injini "isichemke". Kwenye joto la Lamu labda usione tofauti kubwa. Lakini kwenye baridi ya asubuhi ya Nkubu au Timau, injini isiyo na thamostati hukawia sana kupata joto, na kompyuta nyingi za Toyota hazitoi ovadraivu mpaka injini ipate moto wa kutosha. Mwenye gari analalamika kwamba gia ya nne haiingii asubuhi. Giaboksi inalaumiwa kwa kosa la bomba la maji.

4. Kosa liko nusu gani? Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na kimo kwenye vitabu vya huduma vya Toyota wenyewe. Zima injini, chomoa soketi ya waya wa solenoidi kwenye giaboksi, kisha endesha polepole mahali tulivu na tambarare. Sasa umeiondoa kompyuta kabisa. Giaboksi nzima kiafya itakupa gia ya kwanza kwenye L, ya tatu kwenye 2, na ya nne kwenye D. Ikikupa hizo bila kuteleza, chuma na mafuta ni wazima, kosa liko kwenye umeme. Ikiteleza hata hivyo, kosa liko ndani. Umegawanya tatizo vipande viwili kwa kuchomoa soketi moja. Ukimaliza rudisha soketi, na ufute kumbukumbu ya kompyuta kwa kuchomoa fyuzi ya EFI kwa sekunde kumi au zaidi, maana yenyewe imeandika kwamba solenoidi zimepotea.

5. Inachukua muda gani kushika? Injini ikiwa moto, breki ya mkono imevutwa na mguu uko kwenye breki, toa N uingize D huku ukipima kwa saa ya simu mpaka usikie gari limeshika. Isizidi sekunde 1.2. Kutoka N kwenda R isizidi 1.5. Rudia mara tatu, ukipumzika dakika moja kila mara, uchukue wastani. Ikichelewa sana, shinikizo la mafuta ni dogo au klachi zimelika.

Kwa HiAce za dizeli za zamani zenye otomatiki isiyo na kompyuta, swali la pili na la nne hayahusiki. Mengine yanabaki.

Nitoe mfano mmoja. Jamaa yangu wa upande wa Runyenjes ana Noah ya kubeba mboga kwenda soko la Embu. Iliacha kupanda milima. Gereji mbili zilimwambia anunue giaboksi. Hakuwa na pesa, akaendelea kuiendesha hivyohivyo kwa miezi, mizigo nusu, akiomba Mungu. Nilipofika taa ya O/D OFF ilikuwa inametameta mbele ya macho yetu sote. Mafuta yalikuwa mekundu. Tulihesabu 62, halafu 63. Kwa kipimo cha nne, L ilitoa gia ya kwanza bila wasiwasi. Tukapima solenoidi zenyewe kwa mita: kila moja ilionyesha ohm 13, na kitabu kinataka kati ya 11 na 15. Tukapima waya kutoka upande wa kompyuta: hakuna mawasiliano. Ule mfungo wa waya ulikuwa umelegea kwenye klipu yake, ukaegemea bomba la moshi, ukayeyuka. Fundi wa umeme aliunga waya mbili, akazifunga mbali na moto. Mchana huohuo gari lilipanda na mzigo kamili.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila giaboksi ni waya. Kuna van nyingine, ya mtu wa Chuka, tuliyoipima kwa maswali hayohayo. Mafuta yalikuwa meusi yananuka, kutoka N kwenda D ilichukua zaidi ya sekunde tatu, na soketi ilipochomolewa iliteleza kwenye kila nafasi. Hiyo giaboksi ilikuwa imekwisha kweli, na mwenyewe akanunua nyingine akijua kwa nini ananunua. Uchunguzi hauahidi jibu rahisi, lakini jibu lake unaweza kuliamini.

Pia kuna malalamiko ambayo si ugonjwa. Ukipanda na mzigo, van inaweza kucheza kati ya gia ya tatu na ya nne bila kutulia. Kompyuta inaona mwendo umepanda, inaweka ya nne, injini inalemewa, inarudi ya tatu. Bonyeza kitufe cha ovadraivu uizuie ya nne mpaka umalize mlima. Kuna watu wamepeleka gari gereji kwa sababu ya kitufe hicho.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi. Barabara ya Embu kwenda Meru inakata mito inayotiririka kutoka Mlima Kenya: Thuchi, Nithi, Mutonga na mingine. Kila mto ni mteremko, daraja, kisha mlima. Daraja la Nithi kila mtu analijua. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakafa. Breki ndizo zilizotajwa, na mimi sisemi vingine. Ninachosema ni kwamba kwenye mteremko kama ule breki hazitakiwi kufanya kazi peke yake. Injini inatakiwa isaidie kulishika gari, na katika otomatiki hilo linawezekana ukishuka gia. Van iliyokwama kwenye gia ya nne kwa sababu ya waya uliokatika haikupi msaada huo ukiwa kwenye D, hata ukibonyeza kitufe cha ovadraivu mara mia.

Kwa hiyo uchunguzi mbovu hauli pesa tu. Mtu akiambiwa dawa ni giaboksi nzima, naye hana pesa ya giaboksi, hatalipaki gari. Ana watoto shuleni. Ataliendesha hivyohivyo, amelizoea, na abiria wake hawajui. Jamaa yangu alivuka Thuchi miezi yote ile kwa gia ya nne kwa sababu watu wawili hawakuhesabu taa.

Najua mafundi watanijibu, na jibu lao lina haki. "Mteja hataki kulipia kuangalia." Ni kweli kabisa. Mteja wa Kenya hulipia spea na kulipia kufunga. Ukimwambia ulitumia saa mbili kupima na kosa ni waya wa shilingi hamsini, atakupa mia mbili na kukuambia Mungu akubariki. Katika hali hiyo fundi anayebadilisha vitu anakula, anayefikiri analala njaa. Sisi wa programu tunaujua ugonjwa huu: siku tatu za kutafuta kosa, mstari mmoja wa kurekebisha, na mteja anauliza kwa nini ankara ni kubwa kwa mstari mmoja.

Basi dawa ianzie kwetu wateja. Ukipeleka van, mwambie fundi wazi: nakulipa pesa za kuchunguza, peke yake, hata kama kosa ni waya. Na kwa pesa hiyo nataka karatasi. Iandikwe rangi ya mafuta, namba za taa, muda wa kushika, ohm za solenoidi, na gari lilifanya nini soketi ilipochomolewa. Mistari mitano inatosha. Fundi anayejua kazi atafurahi. Anayekataa kuandika amekuokoa na hasara. Na wanaofundisha umakanika, kuanzia vyuo vya ufundi hadi wanaotunga mitihani ya NITA, waweke swali moja la giaboksi ambalo jibu lake si kubadilisha kitu.

Mwisho, neno kwa wapenda teknolojia. Van hii ya 1998 inakuambia siri zake kwa kipande cha waya. Haiombi nywila, haiombi leseni, haiulizi wewe ni gereji iliyoidhinishwa au ni mkulima wa Kangeta. Magari mengi mapya yanaficha habari hizo nyuma ya mashine na programu za kulipia. Huko Massachusetts, Marekani, wapiga kura walilazimika kupitisha sheria mwaka 2012 ili gereji za kawaida zipate habari za matengenezo sawa na za wakala wa kampuni. Hizo mpya zitafika Meru na Embu zikiwa mtumba kama hizi zilivyofika, na zitaharibika hapahapa. Tukishindwa kuhesabu taa inayometameta bure mbele yetu, sijui tutadai kwa mdomo gani kufunguliwa zile zilizofungwa.

Kama una Noah inayosumbua, kesho asubuhi kabla ya kumpigia mtu yeyote, chukua kitambaa cheupe na kipande cha waya. Andika unachoona. Halafu ndiyo uende kwa fundi, na karatasi yako mkononi.